Steki "Well Done" Sio Ushamba: Historia Ambayo Menyu Haikuambii

Kama umewahi kukaa kwenye mkahawa wa bei kali Nairobi, unalijua lile swali. Weita anasimama na kijitabu chake, anatabasamu, anauliza, "Na steki yako ungependa iive aje?" Unajibu "well done". Pale mezani lazima kuwe na mtu mmoja wa kucheka kidogo. Anakwambia ati umeua ng'ombe mara ya pili. Anakwambia wanaojua chakula hula medium rare, nyekundu katikati, laini kama siagi.

Leo nataka kuongea na huyo mtu. Lakini zaidi nataka kuongea na wewe uliyechekwa, juu sijaona mtu akikueleza hii maneno vizuri. Mimi sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa pili, na historia nyingi ninayoijua nimeisomea ndani ya mathree. Lakini hii nimeifuatilia mbaya, na msimamo wangu ni huu: aibu unayosikia ukisema "well done" haikutoka kwa nyama. Imetoka kwa nani alikuwa anakaa mezani, nani alikuwa jikoni, na nani alinyang'anywa ng'ombe.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hata adabu ya steki iliundwa. Twende tuone na kina nani.

Kwanza, hilo neno

"Steak" ni neno la zamani sana kutoka Ulaya ya kaskazini. Linatokana na neno la Kinoski cha kale, steikja, yaani kuchoma nyama kwa kijiti juu ya moto. Soma tena hapo. Kuchoma nyama kwa kijiti. Wasee, hiyo ni mishkaki. Kile kitu unauziwa kwa sahani nyeupe na jani moja la rozmari kilianza kama kile kitu unauziwa jioni kando ya barabara Mombasa.

Mambo ya viwango vya kuiva yalikuja baadaye. Wafaransa wana orodha yao: bleu, saignant, à point, bien cuit. Waingereza na Wamarekani wana yao, kuanzia rare hadi well done. Ukiondoa lugha, ni kipimo cha joto tu. Rare ni kama digrii 50 hivi katikati ya nyama. Medium rare ni 55 hadi 57. Medium ni 60 na kidogo. Well done ni 70 kwenda juu.

Na yale maji mekundu kwa sahani sio damu. Damu karibu yote hutoka mnyama akichinjwa. Hiyo rangi ni ya protini inaitwa mayoglobini, inayokaa ndani ya misuli na kushika oksijeni. Joto likipanda inabadilika kuwa ya kijivu au kahawia. Kwa hivyo anayekwambia unaogopa damu amekosea kabla hajamaliza sentensi, na anayejisifu kuwa anakula steki yenye damu amekosea vilevile.

Sasa nikuletee jina moja, ulishike, kwa sababu litarudi: Justus von Liebig. Huyu alikuwa mwanakemia Mjerumani. Mwaka wa 1847 aliandika kwamba nyama ikipigwa moto mkali mwanzoni, nje inafunga kama ukuta na maji yanabaki ndani. Wapishi Ulaya nzima wakamwamini. Mpaka leo utasikia shefu kwa TV akisema anafungia maji ndani. Sio kweli. Majaribio ya miaka ya 1930 Marekani yalipima nyama iliyoanzishwa kwa moto mkali na ile isiyoanzishwa hivyo, na ule ukuta haukuonekana. Moto mkali unaleta ladha na rangi nzuri, basi. Maji yanatoka tu.

Hiyo ndiyo elimu ya juu ya steki tunayoambiwa tuiheshimu. Nusu yake ni sayansi, nusu ni uvumi uliovaa koti jeupe.

Liebig anafika Athi River

Jina la Liebig liligeuka kuwa biashara. Mwaka wa 1865 kampuni yenye jina lake ilianzishwa London, na kiwanda chake kikubwa kilikuwa Fray Bentos, Uruguay. Walikuwa wanachemsha ng'ombe wengi kupata kitu kidogo kizito cheusi, supu ya kukolea ya kuuzwa kwa vichupa. Liebig mwenyewe alikufa 1873, lakini kampuni iliendelea kukua na kutafuta ng'ombe wa bei rahisi popote duniani.

Mwaka wa 1938 ng'ombe wa bei rahisi walikuwa wanatafutwa hapa kwetu. Kiwanda cha Liebig kilikuwa kimewekwa Athi River, kilomita chache kutoka Nairobi, na kiwanda bila mifugo ni mabati tu. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa inalalamika kwamba Wakamba wa Machakos wana ng'ombe wengi kupita kiasi na ardhi inamomonyoka. Udongo ulikuwa unaisha kweli. Lakini serikali haikutaja kwa sauti ni nani alikuwa amekaa kwenye vilima vya Mua na mashamba mengine mazuri ambako mifugo ya Wakamba ilikuwa inalisha kabla ya walowezi kuja. Ukibana watu kwa ardhi ndogo halafu uwaambie ng'ombe wenu ni wengi, hapo umecheza hesabu ya ujanja.

Ikatolewa amri ya kupunguza mifugo kwa lazima. Wenye mifugo wakapangiwa idadi, na waliozidi idadi wakachukuliwa wakauzwa kwa bei ya kutupa. Kwa Mkamba wa wakati huo ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa akiba ya mwaka wa njaa, alikuwa heshima ya boma. Hebu fikiria mtu aingie kwa M-Pesa yako, aseme pesa zako ni nyingi zinaharibu simu, halafu akutumie senti kidogo akwambie ushukuru.

Mtu mmoja anaitwa Muindi Mbingu akasimama. Mwezi wa Julai 1938 Wakamba wapatao 2,000 hivi, wanaume kwa wanawake, wakatoka Ukambani wakaenda Nairobi wakitaka kuongea na Gavana Brooke-Popham uso kwa uso. Walipiga kambi Kariokor, mtaa ambao jina lake linatokana na Carrier Corps, wale wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Walikaa hapo wiki baada ya wiki. Hawakuchoma duka. Walikaa tu chini na kukataa kuondoka mpaka wasikilizwe.

Serikali ilimkamata Muindi Mbingu ikampeleka kizuizini Lamu, mbali kabisa na watu wake. Lakini kabla mwaka haujaisha ile lazima ya kupunguza mifugo iliachwa. Wakamba walikuwa wengi jeshini na polisi, vita vingine vilikuwa vinanukia Ulaya, na London haikutaka ugomvi na hao watu. Wakulima na wafugaji waliokaa chini walishinda.

Sasa rudi kwa steki. Wale ng'ombe wa Ukambani hawakuwa wanatafutwa wawe steki. Walikuwa wanatafutwa kwa bei ya chini wachemshwe wawe supu ya chupa na nyama ya mkebe. Steki ilitoka kwa ng'ombe wa mlowezi, kwa shamba kubwa. Mfugaji Mwafrika kwa miaka mingi alifungiwa soko na sheria za karantini, zilizosemekana ni za kuzuia magonjwa na pia zikamkinga mlowezi asishindane na mtu. Baadaye, mwaka wa 1950, serikali ilianzisha Kenya Meat Commission, na kiwanda chake ni kilekile cha Athi River. Ukipita barabara ya Mombasa ukaona KMC, ujue hayo mambo yalianzia hapo.

Nani alikuwa anaulizwa swali

Hoteli ya Stanley ina mizizi tangu 1902. Norfolk ilifunguliwa 1904. Huko ndiko swali la "iive aje?" lilikuwa linaulizwa Nairobi ya zamani. Na Mwafrika alikuwa huko kila siku. Alikuwa jikoni na kofia, au alikuwa amesimama ukutani na kanzu nyeupe akingoja kuitwa. Hakuwa amekaa. Ubaguzi wa rangi haukumruhusu kukaa.

Fikiria huyo mpishi. Anajua kwa kidole tu nyama imefika wapi. Anaijua medium rare kuliko yule anayeila. Akitoka kazini anarudi kwa mgao wake wa posho. Kwa hivyo mtu akisema Wakenya hawajui steki, jibu langu ni kwamba babu zetu waliipika miaka mingi sana. Kiti ndicho walichonyimwa. Ujuzi walikuwa nao.

Baada ya Uhuru viti vikafunguliwa kwa wenye pesa. Na wale wa kwanza kukaa walirithi pia ile mitihani ya mezani: kisu mkono gani, divai gani, nyama iive aje. Kupita huo mtihani kulimaanisha umefika. Kuufeli kulimaanisha bado unanukia moshi wa kijiji. Huyo anayekucheka leo anasimamia mtihani ambao hata hajui ulitungwa na nani.

Sio ati tuliogopa mbichi

Kuna uongo mwingine unaozunguka: ati Mwafrika anachoma nyama mpaka iwe kiatu kwa sababu hakuwahi kujua vingine. Enda uulize Wamaasai, Wasamburu na Waturkana, ambao walitoa damu kwa shingo ya ng'ombe aliye hai kwa mshale mdogo, wakaichanganya na maziwa, na ng'ombe akarudi kulisha. Uliza kuhusu figo inayoliwa ikiwa bado moto, mbichi, papo hapo mnyama akichinjwa.

Halafu vuka mpaka uende Ethiopia. Kuna kitfo, nyama ya ng'ombe iliyosagwa na kuchanganywa na siagi ya viungo na pilipili. Unaweza kuila mbichi kabisa, unaweza kuagiza lebleb, yaani imepashwa kidogo tu, na unaweza kuagiza iliyoiva. Hapo Afrika iko na viwango vyake vya kuiva, bila kuazima kwa Mfaransa. Na Waethiopia walijua bei ya kula mbichi. Nyama mbichi inaleta tegu, yule mnyoo mrefu wa tumboni. Kwa hivyo walikuwa na desturi ya kunywa dawa ya mti wa kosso kila baada ya muda kumfukuza. Walichagua ladha, wakalipa gharama yake wakijua.

Pwani nako walifuata njia tofauti. Dini ya Kiislamu inakataza damu, kwa hivyo nyama huiva kabisa. Lakini mishkaki haikuwa ngumu. Walilaza nyama kwenye papai bichi, tangawizi na kitunguu saumu. Papai bichi lina kimeng'enya kinachokata nyuzi za nyama. Mtu wa Lamu alikuwa na nyama iliyoiva na laini kwa pamoja, kitu ambacho shefu anakwambia hakiwezekani.

Kwa hivyo tuko na wanaokula mbichi, wanaokula nusu, na wanaokula iliyoiva. Kila mmoja ana sababu. Hakuna hata mmoja aliye mshamba.

Ng'ombe mwenyewe anasema nini

Hapa ndipo naona hata wanaotutetea huwa wanaruka. Medium rare haikutengenezewa nyama yoyote tu. Ilitengenezewa ng'ombe mchanga, aliyenoneshwa, ambaye nyama yake imelazwa kwenye baridi wiki 2, 3, hata 4. Katika huo muda vimeng'enya vya nyama yenyewe vinailainisha. Ndio unaweza kuipitisha tu motoni ikayeyuka mdomoni.

Sasa angalia bucha ya mtaa wako. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, ametembea kilomita nyingi kutafuta nyasi na maji, pengine ana umri wa miaka mingi. Amechinjwa usiku, asubuhi ananing'inia kwa dirisha, jioni amekwisha. Sisi tunapenda nyama ya leo. Ukiuliza mwenye bucha kama ana ya wiki 3 zilizopita, atafikiri unamtafutia kesi.

Hiyo nyama ina kolajeni nyingi, zile nyuzi ngumu zinazoshikanisha misuli. Kolajeni hulainika ikipata joto la juu kwa muda mrefu. Ndio maana mbavu zinakaa kwa makaa polepole saa nzima na zaidi, na ndio maana fry nzuri inaanza kwa kuchemsha. Yule msee wa choma Kenyatta Market au Burma anaisoma nyama aliyo nayo na kuipa moto inaoutaka. Ukimpikia huyo ng'ombe medium rare utatafuna mpaka kesho.

Kwa hivyo ladha yetu ya nyama iliyoiva ina mantiki. Na kinyume chake pia ni kweli, lazima niseme: ukipewa sarara ya Borani kutoka ranchi ya Laikipia, imelazwa wiki 3, ukaichoma mpaka digrii 80, umetupa pesa. Haina kolajeni ya kulainisha. Itakauka tu. Hapo medium ina sababu nzuri ya kuwepo, na sababu ni ng'ombe, sio ustaarabu.

Kuhusu afya nitakuwa mfupi. Kwa kipande kizima, bakteria wengi hukaa juu, na moto wa nje huwaua. Wamarekani hushauri digrii 63 kwa steki nzima, kisha ipumzike dakika 3. Nyama ya kusaga ni kitu kingine kabisa, kwa sababu mashine imechanganya nje na ndani. Mwaka wa 1993 huko Marekani, bega zisizoiva za mkahawa mmoja mkubwa ziliwaua watoto 4 na kuugua watu zaidi ya 700. Kwa nyama ya kusaga wanashauri digrii 71. Kwa hivyo bega nyekundu katikati ikatae, hata kama mahali pana taa za bluu na DJ. Na kama hujui nyama ilikaguliwa wapi, tegu bado yuko, na joto la kutosha linammaliza.

Ile siri ya jikoni

Kuna jambo moja linaloniuma, na ndilo lilinifanya niandike hii. Kabla ya kamera nilibeba sahani miezi kadhaa kwa mkahawa mmoja, jina sitataja. Oda ikija ya well done, mpishi alikuwa anachagua kile kipande cha mwisho, chenye mishipa, kilichokaa. "Hataijua," alikuwa anasema. Nilifikiri ni ujanja wa pale tu. Baadaye nikasoma kwamba Anthony Bourdain, mpishi wa New York, aliliandika hilo wazi mwaka wa 1999: kwamba kipande kibaya huwekewa mtu wa well done, kwa sababu jikoni wanaamini hatatofautisha.

Sasa weka hilo Nairobi. Wateja wengi wanaosema "well done" ni watu kama mamako aliyeletwa birthday, mjomba aliyetoka ocha, wewe na mshahara wako wa kwanza. Wanalipa bei ileile. Wanapewa kipande kibaya. Halafu kikiwa kigumu wanaambiwa kosa ni lao, wangeagiza medium rare. Hiyo ni kukupunguzia haki yako kwa sababu ya unavyoongea, na tumeona hapo juu kwamba sio mara ya kwanza nyama kutumika hivyo nchi hii.

Kwa hivyo ukikaa, uliza maswali matatu bila kuomba radhi. Hii ni sehemu gani ya ng'ombe? Imelazwa siku ngapi? Mnaweza kunionyesha kipande kabla kiingie motoni? Mahali pazuri watakujibu kwa furaha. Wakikosa majibu, agiza mbavu au fry na uhifadhi doo zako. Wakikujibu vizuri, jaribu medium kama una hamu ya kujaribu. Kama huna, sema well done, sema kwa sauti ya kawaida, na udai kipande kizuri kilekile ambacho jirani yako amepewa.

Na ukiwa katikati ya jiji ukitaka nyama ya kupika mwenyewe, pita City Market. Mabucha yako ndani hapo, na barabara iliyo mbele ya jengo inaitwa Muindi Mbingu. Wengi hupita wakisoma hilo jina kama anwani ya kawaida. Ni jina la mtu aliyekubali kupelekwa Lamu ili watu wake waamue wenyewe ng'ombe wao watafanywa nini. Nunua kilo yako, upike vile unapenda.